Haki Niliyoisoma Mezani

"Watu wote huzaliwa huru, na hubaki huru!" nilisoma kwa sauti, nikiliinua juu gazeti la Paris. Wageni wangu wakaigonga meza hadi vikombe vikaruka.

Tulikuwa machotara wenye mashamba ya kahawa milimani juu ya mji wa Jakmeli, katika koloni la kisiwani la Ufaransa. Huru tulikuwa, karatasi tunazo, ila kanisani tulikaa nyuma ya Wazungu, na hakuna karani aliyekubali kutuita "bwana". Lo, jinsi tulivyoumia! Jumapili ile tulikuwa tunaandika ombi letu kwa Bunge la Ufaransa, na kalamu nimeishika mimi, niliyejisifu kwa hoja.

Felisite akaingia na birika. Alikuwa mtumwa wangu. Mama yake ndiye aliyenilea, tukanyonya ziwa moja, na tukiwa peke yetu aliniita kaka.

"Kaka," akasema mbele ya wote, "katika hao watu wote, na mimi nimo?"

Jirani yangu Dorlan akaangua kicheko. "Haya, mwanafalsafa, mjibu dada yako!"

Jibu nililijua. Hoja yenyewe hata mtoto angeifuata mpaka mwisho. Lakini lile neno "dada" kinywani mwa Dorlan lilinichoma.

"Haki ni za wenye akili iliyofunzwa," nikasema. "Wewe mimina kahawa."

Kisha, naye amesimama palepale, nikaongeza mstari kwenye ombi na kuusoma kwa sauti: tupeni haki zetu, nasi tutahakikisha watumwa hawainui kichwa. Wakanipigia makofi. Leo ni mzee, na nikiukumbuka mstari ule bado natamani ardhi inimeze.

Miaka miwili baadaye watumwa waliinuka. Adhuhuri moja wakaingia uani kwangu na mapanga, jasho likiwatiririka. Kiongozi wao akamgeukia Felisite.

"Huyu wako tumfanye nini? Sema wewe."

Nilipiga magoti. Sifichi, nililia kama mtoto.

Alinitazama, wala si kwa hasira. "Mwacheni," akasema. "Huyu ndiye aliyenisomea kwamba watu wote ni huru. Mimi nilikuwa nikilijua jambo hilo moyoni tu, sikujua kama limeandikwa."

Wakaniacha. Yeye akakaza kitambaa chake cha kichwa, akatoka nao.

"Dada!" nikamwita, kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Hakugeuka.