Sauti ya Sajenti Zenon

Hema lilisimikwa nyikani nje ya mji wa Sumbawanga, na upepo wa Ufipa, usiojua mwanajeshi wala raia, ulipenya chini ya turubai ukagandisha vidole. Ndani walikuwa watu watatu wanaoanza kujifunza kazi ya kituo cha kamandi. Sajenti Zenon alisikiliza redio, akaandika namba za mahali adui alipo, kisha akazisoma kwa sauti. Koplo Bertilla alichomeka pini kwenye ramani. Shigela, kijana wa Kisukuma, alizipeleka namba hizohizo kwa wapiga mizinga. Vita vyenyewe vilikuwa vya kubuni. Mwalimu wao, Kapteni Modesti, alivitunga kutoka hema la pili.

Zenon alikuwa mdogo wa baba yake Bertilla, na ndiye aliyemlea Bertilla baba huyo alipofariki. Kwa hiyo siku ya kwanza Zenon aliposoma nane mahali alipoandika tatu, Bertilla alichungulia karatasi, akamstahi mzee, akachomeka pini kwenye tatu bila kufungua kinywa. Heshima ya ajabu hiyo! Ramani ilikuwa sahihi, lakini Shigela alifuata sauti. Katika vita hivyo vya kubuni, mizinga ikapigwa kwenye nane, walipolala askari wao wenyewe.

Kapteni aliuliza kosa la nani. Bertilla akajifanya anapanga pini. Kapteni akamkaripia Shigela, akaongeza kwamba kosa likirudiwa kesho ataivunja timu, kwani hawezi kuwakabidhi maisha ya askari wa kweli.

Asubuhi uji wa ulezi ulimshinda Bertilla. Alikwisha kuelewa: macho ya baba mdogo yalikuwa yamepoteza nguvu. Akisema, mzee atanyang'anywa redio, huenda na magwanda. Akinyamaza, Shigela ataadhibiwa bure, na iko siku watu watakufa kweli.

Redio ikaita. Zenon akaandika, akasoma: nane. Kwenye karatasi ilikuwa tatu. Shigela alikwisha kunyanyua simu ya mizinga.

"Sajenti, ni tatu," Bertilla alisema, sauti ikimkatika. "Shigela, simamisha."

Kapteni, aliyekuwa mlangoni, akamwamuru Zenon arudie kusoma. Zenon akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. Bertilla alitamani ardhi immeze. Aliona aibu, akaogopa, akamwonea huruma, yote kwa pamoja.

Zenon akavua visikizio vya redio, akamvalisha Bertilla taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto kofia.

"Soma wewe, mwanangu," alisema mbele ya wote. "Mimi sioni."

Akapiga saluti, akatoka. Bertilla akaandika, akasoma, akachomeka pini mwenyewe, na Shigela akapeleka namba vilevile alivyozisikia. Mwishoni Kapteni alisema timu imefaulu, na kwamba kesho atawaletea mtu mpya wa ramani.