Bakuli la Unga Mweusi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, kabla ya chai ya saa nne, toroli la sahani liligoma kwenye mdomo wa tanuri la kiwanda cha vyombo vya udongo. Mke wangu akalisukuma kwa bega, likampindukia. Mengine sitaki kuyaeleza, na wenye kiwanda ndio hawataki kabisa.

Toroli la tanuri halitiwi mafuta, yataungua. Magurudumu hupakwa unga mweusi unaong'aa. Siku moja mke wangu alirudi nao kwenye kidole, akausugua mezani. "Gusa uone, baba watoto. Ni tabaka juu ya tabaka, kama karata mpya. Zinateleza zenyewe." Nikamwambia anawe mikono tule.

Unga huo ulikuja kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kazi ya kifuniko naijua. Tatizo kiwanda kililetewa bosi mpya, ambaye wafanyakazi walimbatiza Vioo, maana kila alipogusa palibandikwa kioo. Vioo akaona haiwezekani kitu cha bei mbaya kifichwe stoo. Akaamuru makopo yote yamiminwe kwenye bakuli kubwa la kioo, likae mapokezi, pembeni ya kijibwawa chake cha maji ya kuruka, wageni waone mng'ao. Wapakaji wakachote humo humo. Mvua zikaja, kuta zikatoa jasho, kijibwawa kinarusha maji kutwa, na unga uko wazi kama karanga za baa.

Mng'ao ukafifia. Juu ukaota weupe-weupe, ukashikana mabonge, hata kijiko cha kuchotea kikaingia kutu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anapanga sahani palepale. Alimsikia dada yake akimwambia msimamizi:

"Magurudumu yanalia, kaka."

"Yabembeleze basi, mama. Kwani hujawahi kulea?"

Watu wakacheka. Akamwambia aongeze unga. Akaongeza.

Baada ya mazishi Vioo akatundika picha ya mke wangu getini. Ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka pua imevunjika vipande. Chini yake: UZEMBE UNAUA. Kila mfanyakazi mpya husimamishwa mbele yake, akaambiwa huyu alisahau kupaka. Binti yangu alikuwa akipita hapo kwenda shule. Siku hizi anazungukia nyuma ya soko.

Nilikwenda kumwomba Vioo aishushe. Alinipokea wima, kiti hakunionyesha. "Pole sana, mzee wangu. Lakini ile picha inaokoa maisha." Yake labda.

Mwishowe akaletwa mtaalamu kutoka nje, dada mmoja mpole. Alichota unga wa kwenye bakuli, akakwangua na wa kwenye gurudumu, akaenda kuupima. Siku ya majibu nilikalishwa karibu na mlango, kama mtu aliyeleta maji ya kunywa.

"Unga huu ulishakufa," akasema. "Hewa na unyevu vimeingilia kwenye kingo za tabaka na kuzila. Salfa yake imegeuka tindikali, madini yake yamegeuka chengachenga. Hautelezi tena, unakwaruza. Marehemu alipaka, tena vizuri. Hata angepaka ndoo nzima, gurudumu lingegoma."

Nikamwona Vioo anashusha pumzi, uso umechanua kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

"Kumbe ni hewa!" akasema.

"Hewa, bosi," msimamizi akaitikia.

Wakubwa wazima, na suti zao, wakatikisa vichwa kuilaumu hewa. Shemeji akaninong'oneza, "Waiitie polisi, shem." Vioo akaahidi bakuli litapata kifuniko. Cha kioo, bila shaka. Akamshukuru mtaalamu, akauliza kama kuna lingine.

Nikasimama. Sikutaka hela yao wala pole yao, ile wanayoitoa huku wanaangalia saa. Niliwauliza kitu kimoja tu. Msimamizi akachunguza viatu vyake. Vioo akasema muda umetutupa mkono, akafunga kikao. Jana nimepita getini: bakuli limehamishwa, kijibwawa kimekauka, mama watoto bado yuko pale juu ya maneno yale, vijana wapya wamepangwa mbele yake.

Basi nawauliza tena: mke wangu mtamshusha lini?