Bado Hajasema

Tangu klabu ya wazee waliotoka Kenya ianzishwe pale Rayners Lane, London, kanuni ni moja: ukija kusema na wazee, unatafsiriwa kwa Kiswahili. Si kwamba Kiingereza hawakijui. Wamekaa London miaka hamsini, wamefanya kazi posta, hospitalini na kwenye mabasi, Kiingereza watakufundisha wewe. Lakini mwenyekiti wao, Bwana Surinder, Singh wa Kisumu mwenye kilemba cha buluu, alikuwa na msimamo wake. Kigujarati kitawaudhi Wapunjabi, Kipunjabi kitawaudhi Wakamba, na Kiingereza kina vichaka vingi mno vya kujifichia. Kiswahili ni cha wote.

Na mkalimani alikuwa Pramila. Looh! Mwanamke huyo mzaliwa wa Mombasa, mfupi, miwani puani, hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa miaka tisa alikuwa ametafsiri madaktari, mapolisi na wabunge, na hakuna hata mmoja aliyetoka mle ukumbini akiwa ameongezewa neno.

Sasa sikia balaa. Jumamosi hiyo wagombea watatu wa udiwani walikuwa wanakuja kueleza wana msimamo gani juu ya makampuni makubwa na mabenki, maana benki ya mwisho karibu na stesheni ilikuwa imetangaza kufunga. Na mmoja wa hao watatu alikuwa Dhiren, mwana wa pekee wa Pramila.

Asubuhi Dhiren alimfuata jikoni, tai mkononi. Huyu kazaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, ila tangu utotoni humjibu mamake kwa Kiingereza. Akamwomba mamake kwa hicho Kiingereza chake: leo, Mami, tafadhali usinibane. Nikikwama, nisaidie kidogo.

"Nikusaidie vipi?" Pramila akauliza.

Yapambe tu maneno yangu, Dhiren akasema. Yafanye yapendeze.

Pramila aliichukua ile tai. Akamfunga kama alivyokuwa akimfunga siku za shule. Mama gani hataki mwanawe ashinde? Na wazee wale, mkalimani wao akiwadanganya mara moja tu, watamwamini tena lini?

Ukumbi ulijaa saa nane mchana. Chai ya maziwa na tangawizi ilishapita mara mbili. Bwana Surinder akasimama, akauliza swali moja kwa wote: "Hawa wenye mabenki wanatufungia mlango na faida wanapata. Wewe utafanya nini?"

Akaanza Victor, bwana mmoja nadhifu, suti imekaa sawasawa. Alisema dakika nne nzima. Alitaja mifumo, wadau, mazungumzo ya kina na mazingira ya ushindani. Mikono ilikuwa ikipaa. Alipokaa, vichwa vyote vikamgeukia Pramila.

"Bado hajasema," Pramila akatafsiri.

Wazee wakatikisa vichwa. Victor, asiyejua hata neno, akatabasamu na kuwapungia mkono.

Akafuata Nishma, mwanasheria, msichana mchangamfu. Yeye aliahidi kuyanyoosha makampuni yote makubwa, kuyatoza, kuyavunja, na tangazo la kufunga benki lifutwe kabla ya Jumatatu.

"Anasema akiwa diwani wa mtaa atashinda mabenki yote ya dunia," Pramila akatafsiri, "kabla ya Jumatatu."

"Jumatatu ipi?" akauliza Mwende kutoka safu ya nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Mwende ni Mkamba wa Machakos, nesi mstaafu, jirani wa Pramila ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyemlea Dhiren mchana, Pramila alipokuwa kazini dukani, na kwake Kiingereza kilikuwa marufuku.

Basi zamu ya Dhiren ikafika. Masikini, alitoa karatasi. Akasoma kuhusu uwajibikaji, uthabiti wa sekta ya fedha, ubunifu na kusonga mbele pamoja. Pramila alisikiliza, moyo ukimwuma. Alijua fika mwanawe anachotaka kusema, kwa sababu alikuwa amemsikia mezani nyumbani akiifokea hiyo benki hadi dengu zikapoa. Angeweza kumsemea. Mama kumsemea mwanawe, nani angemlaumu?

Ukumbi ukamgeukia. Hata Bwana Surinder aliinamisha macho, kwa kumhurumia.

"Bado hajasema," Pramila akatafsiri.

Hakuna aliyecheka. Victor alitabasamu tu, lakini Dhiren alikuwa ameelewa. Masikio yalimwiva mekundu. Akamtazama mamake, na Pramila akadhani hapo ameshampoteza mtoto.

"Dhiren!" Mwende akaita. "Mimi nilikufundisha uongee na mimi vipi?"

Dhiren akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Benki," akaanza, kwa Kiswahili, "mimi siwezi zuia. Diwani hana nguvu hiyo. Nguvu iko kwa serikali, na wale watu ya kuangalia benki." Akafuta jasho. "Lakini kaunsili, hii baraza ya mtaa, iko na pesa ya pensheni, ya wafanyakazi. Pesa hiyo imenunua kipande kidogo ya hiyo benki. Kama nyumba iko na kipande yako, unaweza piga hodi. Mimi nitapiga hodi. Nitauliza kwa nini wanafunga. Wakinyamaza, nitapiga tena."

"Ni hayo tu?" Bwana Surinder akauliza.

"Hayo tu, Mzee. Sina ingine."

Mwende alipiga vigelegele vikagonga dari. Wazee wakapiga meza, vikombe vikaruka, na Bwana Surinder akavua miwani akaifuta bila sababu. Victor akamwinamia Pramila, akamwuliza kwa Kiingereza, amesema nini huyo?

"Amesema," Pramila akamjibu kwa Kiingereza, machozi yakimtoka na meno yote nje.

Mwezi wa tano Dhiren alishinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa, na Mwende mpaka leo anadai kumi na tisa zote ni zake. Benki ilifunga kama ilivyosema. Lakini Dhiren aliomba kiti katika kamati ya pensheni, akakipata, na siku mabwana wa ile benki walipokuja kujieleza mbele ya kamati, Pramila alikaa kando ya simu toka asubuhi. Ililia saa sita.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza, Mami," Dhiren akasema, kwa Kiswahili. "Wamejibu dakika ishirini."

"Ehe! Wamesema nini?"

"Bado hawajasema. Nimewaambia waanze tena."