Kufuli Mara Tatu

Kaka yake alimwita Profesa tangu wakiwa watoto, kwa sababu kila alipotumwa dukani alirudi na chenji pamoja na maelezo. Jina likamganda. Alipokuja kuajiriwa kweli kwenye kituo cha utafiti wa sera, kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Si niliwaambia? Sasa dada yangu anamweleza waziri bei ya sukari."

Kicheko kilikwisha mwaka wa ripoti ya kandambili. Kaka alikuwa mkataji wa soli kwenye kiwanda cha kandambili, na kiwanda kiliishi kwa ushuru uliotozwa kandambili za nje. Nchi ndogo haipangi bei za dunia, inaletewa tu. Profesa na wenzake wakashauri ushuru uondolewe: maskini wavae kwa bei nafuu, na wakataji soli watapata shughuli nyingine. Serikali, ambayo watafiti wakisema hutia pamba masikioni, safari hii ikasikia upesi. Kiwanda kikafungwa.

"Shughuli gani hiyo nyingine, Profesa?" kaka aliuliza siku ya mwisho walipokaa meza moja.

"Soko litaonyesha, kaka. Vumilia kidogo."

"Nimeuliza shughuli gani."

Kwa kuwa ni msomi, akaongea sana, shughuli yenyewe asiitaje. Kaka akainuka, akaiacha chai yake inapoa. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kwenye misiba tu, kisha hata misiba ikapita kimya.

Miaka ikaenda. Kituo kikapewa kazi ya kupima mtaa wa kiwanda: je, watu waliumia? Profesa aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Aliandika maswali, akachagua nyumba kutoka rejesta ya zamani ya mtaa, akawafundisha wadadisi wa kuhoji nyumba kwa nyumba. "Ukikuta kufuli mara tatu, usipoteze siku. Hamia mlango wa kulia." Ndivyo wanavyofanya wenye kazi hiyo, maana idadi ya nyumba lazima itimie. Matokeo yalipotoka hakuamini macho yake. Mtaa ulikuwa umenyanyuka. Watu wana biashara, watoto wako shuleni. Alijifungia chooni akalia kwa furaha, wenzake wasimwone. Hatimaye alikuwa na jibu la kumpelekea kaka.

Siku moja kabla ya ripoti kuzinduliwa alikwenda kwa kaka, nakala kwapani, mkate na sukari mkononi. Mlango wa kaka ulikuwa na kufuli lenye kutu. Kwenye mlango wa kulia alikaa mama mmoja, mbele yake kandambili za kutoka nje zimepangwa kwa rangi.

"Wewe si dada wa fundi soli?" mama akamwuliza. "Mmefanana mpaka paji la uso. Alihama, dada. Wifi yako alitangulia kwao na watoto, yeye akabaki anahangaika, mwisho kodi ya nyumba ikamshinda. Na wale wa pale walihama. Wa kule pia. Tumebaki sisi wenye vibiashara."

"Amekwenda wapi?"

"Hakusema. Na simu alishauza."

Profesa akakaa kwenye ukingo wa baraza. Akauliza, ingawa moyo ulishamwambia: "Mama, watu wa utafiti walifika hapa?"

"Walifika. Walibisha kwake mara tatu, wakaja kwangu. Wastaarabu kabisa. Nikawaambia biashara inakwenda, namshukuru Mungu." Akaigeuzageuza kandambili moja. "Ila jirani yangu aliniachia maneno. Alisikia mnakuja, akawa anawangojea. Akisikia hodi hata ya kwangu, anatoka mbio. Anasema, 'Mkubwa wao ni dada yangu, hawawezi kunipita.' Kodi ilipomtoa akaniambia, 'Wakija waambie sikupata shughuli yoyote, na nilitafuta. Dada asije akadhani sikutafuta.'"

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema, mama, sisi tunauliza ya nyumba yako tu."

Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Profesa mwenyewe. Aliwaimbia wadadisi mpaka wakaikariri. Alilia pale barazani mbele ya wateja, na mama wa watu akamwacha alie, akauza kandambili zake kwa sauti ya chini.

Asubuhi alimwahi mkurugenzi wa kituo mlangoni mwa ukumbi wa uzinduzi. "Tumehoji waliobaki. Walioumia hawapo mtaani tena."

"Una takwimu zao?"

"Nina kaka yangu."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alimshika bega. "Mtu mmoja si takwimu," akasema kwa upole, na Profesa akaitambua sentensi hiyo. Ni yake, huifundisha kila mwaka.

Alipoitwa jukwaani alisoma ripoti yote kama ilivyopigwa chapa: biashara, shule, wastani. Kisha akafunga kurasa. "Kuna nyumba moja tulikuta imefungwa," akasema. "Mwenyewe aliacha maneno kwa jirani. Anasema hakupata shughuli yoyote, na alitafuta."

Akaiweka ripoti chini ili aendelee bila karatasi. Watu wakapiga makofi, maana walidhani amemaliza. Waziri alipiga makofi, mkurugenzi alipiga makofi, na Profesa akabaki amesimama, akiutazama mlango wa ukumbi, anasikiliza kama kuna mtu anayepiga hodi.