Kiti cha Ramlo

Barre alipokuja Garissa kutoka Toronto, mwaka wa tisini na sita, watu walitarajia saa, redio na viatu. Vitu hivyo alivileta. Lakini kwa dada yake Idman alileta kiti cha mtoto cha kuweka ndani ya gari, cha plastiki ngumu ya kijivu, kikiwa na mikanda yake na mto wa maua. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekikalia wakakua. Alimwambia Idman kwamba huko aliko mtu hapandi gari na mtoto mchanga bila kitu kama hicho. Idman alipomuuliza kinafungwaje, Barre alikuwa na wageni kumi mlangoni. Akasema ni rahisi tu, unakiweka, unapitisha mkanda wa gari, basi. Wiki iliyofuata akaondoka.

Idman alikuwa na duka la nguo sokoni, na binti mmoja, Ramlo, aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka. Mume wake Abdilatif alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na gari lake lilikuwa Pijo kuukuu ya safu tatu, iliyobeba kila kitu, kuanzia magunia ya sukari hadi wagonjwa wa majirani. Mama yake Abdilatif, Abshiro, aliishi nao katika mtaa wa Galbet. Alikitazama kile kiti siku ya kwanza akauliza mtoto amekosa nini hata afungwe kama mbuzi wa kuuzwa.

Idman alikifunga kiti kadiri alivyoelewa. Alikiweka mbele, kando ya dereva, ili Ramlo aone barabara. Mkanda wa gari akaupitisha juu ya mapaja ya mtoto na juu ya kiti chote, akabana. Chini ya Ramlo akatandika blanketi nene lililokunjwa, kwa sababu plastiki ilikuwa ya moto, na ile mikanda midogo ya mabegani akailegeza, maana ilipokaza mtoto alilia. Ilionekana vizuri. Majirani walikuja kuangalia.

Siku ya Ijumaa walikuwa wanaenda kumjulia hali ndugu wa Abdilatif aliyekuwa mgonjwa. Hawakuwa wamefika hata barabara kuu ya lami. Mkokoteni wa punda uliobeba mapipa ya maji ulitoka kwenye kichochoro bila kusimama, Abdilatif akakanyaga breki. Gari halikuwa na kasi kubwa. Abshiro, aliyekuwa nyuma pamoja na Idman, alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Kiti cha Ramlo kikapinduka kifudifudi kama bakuli, mtoto akiwa ndani yake, na uso wake ukagonga dashibodi.

Mdomo ulipasuka. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda, na kilio kiliwatoa watu madukani. Hospitalini walimsafisha, wakasema meno yako salama, arudishwe nyumbani. Njia nzima Abshiro alimpakata mjukuu wake. Walipofika uani alisema kile kiti kimetaka kumuua mtoto, na kwamba yeye amelea wanane kwa mikono hii, hakuna hata mmoja aliyepasuka mdomo ndani ya gari. Abdilatif alikitoa kiti akakitupa nyuma ya choo.

Idman alikaa na mtoto kifuani mpaka akalala. Alikuwa na hasira, na kwa muda hakujua amemkasirikia nani. Alimkasirikia Barre na wageni wake. Alijikasirikia mwenyewe. Lakini alipojaribu kukikasirikia kiti hakuweza, kwa sababu alikuwa amekiona kikipinduka. Kiti hakikuvunjika. Kiti kilikwenda tu na mtoto kwa kuwa hakuna kitu kilichokuwa kimekishika.

Alikiokota nyuma ya choo, akakifuta, akakiingiza tena uani. Abdilatif alipomuuliza anafanya nini, alimwambia, "Kiti hakina kosa. Sisi ndio tulikifunga vibaya, na nitajua vibaya vipi."

Kesho yake alijaza mchanga kwenye mfuko wa unga mpaka ukawa na uzito wa Ramlo, akaushona mdomo. Kisha akamwomba mume wake aendeshe gari kwenye uwanja mtupu ulioko nyuma ya nyumba na apige breki. Abdilatif alikataa. Alisema watu watasema mke wake amerukwa na akili. Idman akamwambia wanasema tayari, hivyo hawatasema kitu kipya. Abdilatif akachukua funguo.

Walifunga mfuko kama walivyomfunga mtoto. Gari likakimbia, breki ikapigwa, mfuko na kiti vikagonga dashibodi kwa kishindo. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisimama kuangalia. Sadia, jirani wa ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi wake.

Idman hakugeuka. Alikilaza kiti chini, akakichunguza kwa mikono kama anavyochunguza mshono wa nguo. Mgongoni palikuwa na nafasi mbili, kushoto na kulia, na pembe zake zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa. Kitu fulani kilikuwa kikipita hapo miaka yote ya watoto wa Barre. Mkanda wa gari haukutakiwa kumpita mtoto juu. Ulitakiwa kupita ndani ya kiti chenyewe, nyuma ya mgongo wa mtoto.

Akaamua pia kukihamishia nyuma, mbali na dashibodi. Mikanda ya nyuma ilikuwa imezama chini ya mto wa kiti cha gari, imejaa mchanga na maganda ya njugu, na walipoivuta ilitoka kwa shida. Walipitisha mkanda kwenye zile nafasi, wakajaribu tena. Safari hii kiti hakikupinduka, lakini kiliteleza na kuinama. Idman akakipandia kwa goti, akakikandamiza kwa uzito wake wote huku Abdilatif akivuta mkanda, mpaka kiti kikakataa kutikisika. Wakajaribu tena. Kiti kilibaki. Mfuko ukachomoka chini ya mikanda ya mabegani ukaanguka sakafuni.

Sadia alicheka tena, lakini kidogo.

Idman alitazama lile blanketi. Lilikuwa limebonyea, na nafasi iliyobaki chini ya mikanda ingepitisha kichwa cha mtu. Akalitupa nje ya dirisha. Akakaza mikanda midogo mpaka ikabaki nafasi ya kidole tu. Abdilatif alipiga breki kwa nguvu kuliko mara zote, hadi yeye mwenyewe akagonga kifua kwenye usukani. Alipogeuka, mfuko ulikuwa umeketi pale pale.

Alishuka, akazunguka hadi mlango wa nyuma, akakitikisa kiti kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Haya."

Mtihani wenyewe ulikuja na harusi ya Wajir. Siku hizo magari yalisafiri kwa msafara pamoja na polisi, kwa hofu ya majambazi, na aliyechelewa aliachwa. Adeer Salat, yaani ami Salat, ndugu wa marehemu babake Abdilatif, ndiye aliyepanga nani apande wapi. Alfajiri alikuja na wanawake wawili wa ukoo, akaona kiti, akasema kitolewe, akina mama hao wakae hapo na mtoto apakatwe na bibi yake. Abshiro alikwisha kunyoosha mikono.

Idman alisimama mbele ya mlango wa gari. Alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kwamba kiti hakitoki.

"Mikono yangu imelea wanane," Abshiro akasema.

"Ninajua, hooyo," Idman akamjibu, akimwita mama kwa Kisomali, "na mmoja wao ni mume wangu. Lakini siku ile ya punda, mikono yako yote miwili ilishika kiti cha mbele. Sikulaumu, hata mimi nilishika. Ramlo ungemshika kwa mikono ipi?"

Mkwe hamwambii mama wa mume wake maneno kama hayo mbele ya wageni, na Idman alilijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Adeer Salat alimgeukia Abdilatif ili atoe amri kama mwanamume. Abdilatif akasema nafasi ya mtu mmoja ipo, ya wawili haipo, na kiti kitakaa kilipo.

Abshiro alichukua mfuko wake akaenda kupanda gari la Salat, akabanwa kati ya masanduku hadi Wajir, joto lote lile. Kule harusini hakumsalimu Idman siku nzima. Habari ilikuwa imewatangulia, na wanawake waliokuwa wakipika walimwita Idman wa Kiti. Alipoitwa hivyo aliitika, akachukua kisu, akaketi kukata nyama pamoja nao. Binti mmoja aliyeolewa na dereva wa lori alimuuliza kando, kwa kunong'ona, mkanda unapita wapi hasa. Idman alimweleza kwa sauti ya kawaida, wote wasikie.

Siku ya kurudi, msafara ulipokuwa ukijipanga, Abshiro alikuja kwenye gari la mwanawe bila salamu. Aliingia nyuma, akakaa kando ya kiti, akaweka mfuko wake mapajani, akamtolea Ramlo kipande cha halua. Idman aliinama kumfunga mtoto. Alivuta mikanda ya mabegani.

"Umembana," Abshiro akasema.

"Ndiyo, hooyo," Idman akajibu, akavuta tena.