Shingo za Darasa la Kwanza

Jioni moja nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, mjukuu wangu amekaa miguuni pangu. Nikamuuliza, nane ukitoa tatu zinabaki ngapi. Badala ya kufikiri, akageuza shingo akatazama kabati la vyombo. Nikamuuliza hesabu nyingine. Akageuka tena.

"Mume wangu, kabatini kuna nini?" nikamtania, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kiume.

"Namtafuta Mama Chaki."

Mama Chaki ni msaidizi wa darasa la kwanza, linalofundishwa na binti yangu wa mwisho, mama mdogo wa mtoto huyu. Jina alipewa na watoto, maana aproni yake haikosi vumbi la ubao. Ana huruma iliyopita kiasi. Mwalimu akiuliza swali, yeye husimama nyuma kabisa, na akiona mtoto anahangaika, vidole vinachomoza pembeni mwa aproni. Darasa zima linageuka, linasoma vidole, linarudi mbele na kuitikia kwa pamoja. Binti yangu, mgongo kwa watoto, anaandika ubaoni, anasikia majibu sahihi tu, anajua amefundisha.

Nilipomsimulia binti yangu haya niliyoyasikia kwa mtoto, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika. Ijumaa mwalimu mkuu angekuja kuwauliza watoto mwenyewe, na alikwisha kusema kuwa asipoona faida ya msaidizi atamrudisha ofisini, akapange mafaili na kupeleka chai. Mama Chaki kutolewa kwa wale watoto ni sawa na samaki kutolewa majini.

"Kosa ni langu, mama," binti yangu akasema. "Nilimwambia tu kaa nyuma uwasaidie. Sikumwambia awasaidie vipi."

Kesho yake akaja naye nyumbani. Mama Chaki alipoelezwa, alifunika uso kwa viganja. Akasema hawezi kumtazama mtoto anatoka jasho na jibu yeye analo. Ni kama kumnyima maji mwenye kiu. Binti yangu akamwelewesha taratibu. Kusimama nyuma basi. Wanaokwama angekaa nao yeye mwalimu, mbele. Waliokwisha kushika wangekaa mkekani na Mama Chaki, wafanye mazoezi kwa vizibo vya chupa. Na mtoto akitoa jibu, liwe sawa au si sawa, aulizwe neno moja: umejuaje?

Wakajaribu pale pale, mimi ndiye mwanafunzi. Nikakosea makusudi. Maskini, vidole vikachomoza.

"Mikono, dada," binti yangu akamkumbusha.

Akaikalia mikono yake kama kuku anayeatamia. Nikakosea tena, na tena, naye anajinyonganyonga kitini.

"Bibi," akaniambia, "wewe ni mtoto mgumu."

Ijumaa nilimpeleka mjukuu shuleni nikabaki dirishani, najifanya nafuta viatu. Mwalimu mkuu akaingia, suti imenyooka, akauliza: tisa ukitoa nne? Shingo zote zikageuka nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta. Wakatafuta huku na huku mpaka wakamwona mkekani, amekalia mikono, midomo ameibana. Mwalimu mkuu akaanza kutikisa kichwa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa amehamia mkekani jana yake tu, akavuta vizibo, akavipanga, akaondoa vingine.

"Sita," akasema.

Mama Chaki akazidi kuikalia mikono yake.

"Umejuaje?"

Mtoto akahesabu upya, kizibo kimoja kimoja, kwa sauti. Akakunja uso.

"Hapana. Tano. Hiki nilikihesabu mara mbili."

Mwalimu mkuu akachuchumaa na suti yake, akauliza lingine, na lingine. Watoto wakapanga vizibo, wakabishana, wakakosoana, shingo zote zimeinamia mkekani. Akasema msaidizi abaki, na mchana aende darasa la pili, maana mwalimu wa kule naye ana watoto wengi. Binti yangu akamwomba kwa heshima: kwanza walimu wote wawili na Mama Chaki wapewe muda wa kukaa pamoja kila asubuhi kabla ya kengele, wagawane kazi, asije akasimamishwa nyuma tena. Mwalimu mkuu akakubali.

Mama Chaki akataka kusimama ashukuru, miguu imekufa ganzi. Watoto wakamvuta, wengine mkono, wengine aproni, wanahesabu kila wakimvuta, mpaka akasimama.