Watu wa Kulekule

Méschac, kaka yake Bénie, alitoka na mtumbwi jana mchana, na upepo ukaja kabla jua halijazama, naye hakurudi. Asubuhi hii ufuko wa Kabuta ulijaa watu, na hakuna aliyejua wamtafute upande gani.

"Alikuambia anaenda wapi?" akauliza Ba Jairos, mwenye mtumbwi wa injini.

"Kulekule," akajibu Bénie.

Watu wakaguna. Hakuna wa kumlaumu, maana wote ndivyo wanavyojibu. Neno hilo mama zao walilivusha kutoka Kongo. Askari wa ng'ambo walikuwa wakizuia wachuuzi: unatoka wapi? Kule. Kule wapi? Kulekule. Askari anachoka, mzigo unapita. Upande huu wa ziwa wavuvi nao wakalichukua. Ukitaja mahali ulipotega, kesho utakuta nyavu za wengine zimekaa juu ya zako. Basi hata mke haambiwi. Mtoto naye akiulizwa nani kamaliza mboga na imeenda wapi, anasema kulekule, anapigwa kofi huku watu wanacheka.

"Petroli iko kidogo," Ba Jairos akasema. "Siwezi kuzunguka ziwa lote. Niambieni fasi moja."

Bénie hakupiga kelele. Aliwatazama wanaume mmoja mmoja mpaka akafika kwa Davison, mwenzake Méschac wa kutega. Wengine walikuwa wakitazama ziwa. Yeye alitazama miguu yake.

"Davison, ndugu yangu, munategaka wapi?"

"Si unajua, dada. Kulekule."

"Davison."

Davison akamsogelea, akanong'ona. "Ile fasi imekatazwa, Bénie. Samaki wanazalia pale. Nikiitaja, watu wa serikali watachoma nyavu zetu zote. Tutakula nini?"

"Na yeye atakula nini, chini ya mayi?"

Mama Misozi, muuza samaki, alikuwa amesikia. "Ee, wewe! Sema basi! Ao mudomo umejaa bukari ya muhogo?"

Davison akajifuta uso. "Mulango ya muto Kalungwishi, pale unaingia ziwani," akasema. "Upande wa matete marefu."

Wakasukuma mtumbwi majini. Davison akakaa nyuma, na Bénie akapanda mbele bila kuomba ruhusa. Mitumbwi mingine ikawafuata, mingi kuliko inayohitajika kumtafuta mtu mmoja.

Walimkuta Méschac hai, ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka, midomo imempauka. Bénie akamshika mkono. Lakini macho yake yalipita juu ya bega la dada yake, yakatua kwa wanaume waliokwisha kuanza kuinua nyavu zake, wakipakia samaki kimyakimya.

"Nani alipataja hapa?"

Davison akainamisha kichwa.

"Ni mimi nilimulazimisha," Bénie akasema. "Panda, yaya, kaka yangu."

Hakupanda. Ilibidi wamvute kama gunia la mihogo, na njia nzima mpaka Kabuta alikaa amempa dada yake mgongo, akitetemeka, akikataa kitenge ambacho Bénie alijaribu kumfunika nacho.